Ombi la Kuisogeza Sao Paulo Mbali Zaidi na Beirut

Ain Sawani,
Milima ya Kaskazini,
Lebanoni.
Jumanne, 11 Februari

Kwa Mhariri wa Jedwali la Umbali kati ya Viwanja vya Ndege

Ndugu Mhariri,

Natumaini barua hii itawakuta wazima, nyote mnaofanya kazi ya kupima dunia. Huku kwetu theluji imefika usawa wa dirisha na umeme unatutembelea saa mbili kwa siku, lakini hayo siyo malalamiko yangu. Hayo tumeyazoea.

Jina langu ni Rafka Shalhub. Nina umri wa miaka kumi na sita na bado nasoma. Mimi si mtu wa kulalamika. Mwaka jana mwalimu wa hesabu alinipa kwa makosa alama za mwenzangu, ambazo zilikuwa chini ya zangu, nami nikanyamaza muhula mzima kwa sababu yule mwenzangu alionekana kufurahi sana. Nayataja haya ili muelewe kwamba jambo likinifanya mimi nishike kalamu, basi jambo hilo si dogo.

Chini ya jedwali lenu, kwa herufi ndogo, mmeandika: "Ukiona kosa, tafadhali tuandikie." Nimeliona. Liko kwenye herufi B. Mmeandika kwamba kutoka Beirut hadi Sao Paulo ni kilomita 10,740, na kwamba ndege ikienda moja kwa moja itatumia saa kumi na tatu na robo. Naomba, kwa heshima zote, namba hizo ziongezwe.

Najua mtashangaa. Nipeni nafasi nieleze kwa utaratibu.

Kijiji chetu kina nyumba mia moja na arobaini, na zaidi ya nusu zimefungwa kwa sababu wenyewe wako ng'ambo. Waliobaki wengi ni akina mama. Kila asubuhi, wakishawapa kuku chakula, wanakwenda kunywa kahawa kwa Bi Labibe, kwa kuwa jiko lake la kuni ndilo kubwa kuliko yote. Kando ya jiko hilo kuna kiti kimoja chenye mikono, kimefunikwa kitambaa cha mahameli ya kijani. Mama mkwe wa Bi Labibe, ambaye sasa ni marehemu, aliacha sheria kuhusu kiti hicho: kitakaliwa na mama ambaye mtoto wake yuko mbali kuliko watoto wa wenzake wote. Alisema mwenye mtoto mbali ana baridi kuliko wengine, basi na apewe moto. Kikombe cha kwanza cha kahawa ni chake, na mabishano yakizidi, neno la mwisho ni lake.

Bibi yangu amekikalia kiti hicho miaka kumi na tisa.

Yeye ni mama mzazi wa baba yangu, lakini hakuna anayemwita kwa jina la baba yangu, kwa sababu baba yangu yuko hapa hapa, anauza matairi. Wanamwita Mama Tanios, kwa jina la ami yangu, kifungua mimba wake, ambaye ana tanuri la mikate Sao Paulo. Zamani umbali ulipimwa kwa siku, na katika hilo Bibi hakuwa na mpinzani. Ami Tanios alipoondoka alisafiri siku nne. Alibadilisha ndege mara tatu, na usiku mmoja, kama Bibi anavyopenda kusema, "alilala sakafuni kama gunia la vitunguu." Ghattas, mtoto wa Mama Ghattas jirani yetu, alifika Sydney kwa siku moja na nusu, na shati lake halikukunjamana. Mama Ghattas mwenyewe ndiye aliyelitangaza hilo la shati, kwa kujivuna. Kwa kujivuna huko akajikosesha kiti.

Mambo yalikuwa hivyo, shwari kabisa, mpaka lilipokuja jedwali lenu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Jedwali lenu limemwondoa bibi yangu kwenye kiti.

Ilikuwa Jumatatu, wiki tatu zilizopita. Shule ilifungwa kwa sababu ya theluji, nami nikamsindikiza Bibi kwenye kahawa ili asiteleze. Huwa nakaa juu ya sanduku la kuni nikisoma, na hakuna anayenisemesha, jambo ambalo nalipenda. Siku hiyo Mama Ghattas alianza kusema kwamba amesikia Australia iko chini kabisa ya dunia.

"Chini si mbali," Bibi akamjibu. "Hata kisima changu kiko chini."

"Kisima chako hakina kangaruu, Mama Tanios."

"Wala mwanao hana hata mmoja. Ana duka la rangi."

Ndipo Bi Labibe akasema, "Mnatupigia kelele za bure. Huyu mtoto anasoma vitabu. Mwulizeni yeye."

Ndugu Mhariri, ilikuwa mara ya kwanza mimi kuulizwa neno katika chumba kile. Masikio yaliniwaka moto. Nikafungua simu, nikaliona jedwali lenu, na kwa sababu lilikuwa limepangwa vizuri nikaliamini. Nikasoma kwa sauti. Beirut hadi Sao Paulo, kilomita 10,740. Beirut hadi Sydney, kilomita 14,185. Nilisoma polepole, kila tarakimu, kama tunavyofundishwa.

Bi Labibe alikitazama kiti, kisha akatazama dari. Bibi akainuka mwenyewe. "Sheria ni sheria," alisema, akachukua fimbo yake akaenda kukaa karibu na mlango, pale tunapoacha viatu vyenye theluji. Mama Ghattas alikikaribia kiti akakaa taratibu sana, kama kuku anayeatamia mayai ya mwenzake.

2. Mnapima kutoka uwanja wa ndege, ilhali hakuna mtu anayeishi uwanja wa ndege.

Nimemuuliza baba yangu kuhusu siku ile Ami Tanios alipoondoka. Kwa desturi yetu msafiri hawezi kuupita mlango wa jirani bila kuingia kuaga, na akishaingia hawezi kutoka bila kunywa kahawa, na akishakunywa anakabidhiwa kifurushi cha kumpelekea ndugu aliyeko huko huko anakokwenda. Kukataa kifurushi ni sawa na kumwambia mtu kwamba ndugu yake amekufa. Ami alipewa mifuko kumi na miwili ya kishk, ule unga wetu wa ngano na maziwa ya mgando, chupa tisa za jamu ya tini, na blanketi moja. Sanduku lilikataa kufungika, ikabidi avae makoti matatu, na ilikuwa Agosti. Walipofika barabara kuu Bibi akakumbuka kwamba chupa ya achari ya biringanya imebaki mezani. Gari zote tatu za wasindikizaji zikageuza.

Baba anasema kutoka nyumbani kwetu hadi mwisho wa kijiji ni mita mia nne, na siku hiyo walitumia saa tano. Nimepiga hesabu. Kwa mwendo huo, kilomita zenu 10,740 zingechukua miaka kumi na mitano na miezi minne. Sisemi muandike miaka kumi na mitano, maana angani hakuna majirani. Nasema tu kwamba mahali fulani kati ya saa zenu kumi na tatu na miaka yangu kumi na mitano kuna ukweli, na ninyi hamkuutafuta.

3. Mnapima kwa mstari ulionyooka.

Ili nisiwatuhumu bila ushahidi, niliazima tufe la dunia kutoka kwa mwalimu wetu wa jiografia, nikalibeba kifuani kwenye theluji kama mtoto mchanga, nikawapelekea akina mama. Bibi alikubali kuja siku hiyo kwa sababu kulikuwa na jambo la kupimwa. Tukakata nyuzi za sufi: mwekundu wa Sao Paulo, wa kijani wa Sydney. Mama Ghattas aliuvuta wake mpaka ukalia. Bibi yeye aliuacha uzi wake ukining'inia.

"Uzi wako umelegea, shoga," Mama Ghattas alisema.

"Haujalegea. Ndiyo njia aliyopita mwanangu. Alizunguka."

"Alizunguka wapi?"

"Alizunguka. Mtoto hamwambii mamaye kila alikopita."

"Mimi nimelea saba, na wote wananiambia!"

"Maskini," Bibi akasema. "Usiku unalala saa ngapi?"

Tulipoukaza uzi mwekundu ulipita juu ya Misri na jangwa, ukatokea Ghuba ya Guinea, kisha ukavuka bahari hadi Brazili. Ulikuwa mfupi kweli. Bibi akauliza kama kuna sheria inayomlazimisha mtu kupita upande ule tu. Nikamwambia hakuna, dunia ni duara. Basi akaupitisha uzi upande wa pili, juu ya Asia yote na Bahari ya Pasifiki. Sufi ikaisha njiani, ikabidi afumue mkono wa sweta aliyokuwa akimfumia baba yangu. Nilipopiga hesabu nikapata takriban kilomita 29,300.

Mama Ghattas naye akadai haki hiyo hiyo kwa Sydney. Tukazungusha uzi wa kijani, na hapo ndipo wote tulipogundua jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: ukizunguka kwa nyuma, aliye karibu ndiye anayekuwa mbali. Sydney ilipata kilomita 25,800 tu. Kwa dakika tatu hivi Bibi alikuwa ameshinda. Alishaanza kuinuka kutoka pale mlangoni, na Mama Ghattas alishashika mikono ya kiti kwa nguvu, ndipo Bi Labibe akatoa uamuzi kwamba hakuna mtu anayekwenda dukani kununua chumvi kwa kupitia Roma.

Naomba muangalie kama uamuzi huo unakubaliana na taratibu zenu.

4. Jedwali lenu limeleta fujo mpaka mtaa wa chini.

Habari zilienea. Jumapili baada ya ibada alikuja mwanamke wa mtaa wa chini ambaye hajawahi kunywa kahawa kwa Bi Labibe, akabisha hodi, akasema ana mpwa Wellington, Nyuzilandi, na kwamba ameangalia mwenyewe kwenye jedwali lenu. Alikuja na mto wake wa kukalia. Aliambiwa mpwa hahesabiwi. Akasema amemlea yeye. Akaulizwa, miaka mingapi? Akasema, kila kiangazi. Bado suala hilo halijaisha, na Mama Ghattas sasa anakuja saa kumi na mbili asubuhi, kabla jiko halijawashwa, anakaa kwenye kiti gizani akikilinda.

5. Sasa nafika kwenye lalamiko ambalo lilipaswa kuwa la kwanza. Nililiogopa, ndiyo maana nimelizunguka kama ule uzi.

Ile Jumatatu sikusoma kilomita peke yake. Jedwali lenu lina safu mbili, nami nilizisoma zote mbili. Baada ya Bibi kuhama, nikasoma na saa. Sydney, saa kumi na saba na nusu. Sao Paulo, saa kumi na tatu na robo.

Mama Ghattas, ambaye alikuwa ameshakaa, akacheka. Sidhani alikuwa na nia mbaya. "Saa kumi na tatu tu, Mama Tanios? Juzi mimi nimesubiri umeme saa kumi na nane!"

Wote wakacheka. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu nadhani kila mmoja alikuwa amefika mahali pale pale katika hesabu. Ghattas huja kila baada ya miaka miwili. Ami Tanios hajaja miaka kumi na mmoja. Mara ya mwisho nilikuwa na miaka mitano, na ninachokumbuka ni kwamba alinibeba begani na nywele zake zilinukia unga. Kila Jumapili anapiga simu, na kila Jumapili anasema, "Mwakani, Mama, Mungu akipenda."

Kabla ya jedwali lenu Bibi alikuwa na jibu. Mtu akimuuliza Tanios anakuja lini, alisema, "Ni mbali mno, jamani. Siku nne kwenda, siku nne kurudi, tanuri atamwachia nani?" Na watu wote wakatikisa kichwa, wakasema kweli, ni mbali, Mungu amlinde. Umbali ule ulikuwa unamsaidia bibi yangu, Ndugu Mhariri. Alikuwa anauweka kati ya mwanawe na maneno ya watu. Ninyi mkauondoa, mkaweka saa kumi na tatu. Mtu asiyekuja kwa sababu ya siku nne ni mtu mwenye shida. Mtu asiyekuja kwa sababu ya saa kumi na tatu, na miaka ni kumi na mmoja, huyo ni mtu wa namna gani? Hakuna aliyeuliza hivyo kwa mdomo. Lakini Bibi alisikia.

Tangu hapo, ukiacha ile siku ya tufe, haendi kwenye kahawa. Anasema mguu unamuuma, ingawa kwa kuku anakwenda na mguu huo huo. Jumapili iliyopita Ami alipopiga simu, Bibi hakumuuliza amekula nini, swali ambalo hajawahi kuliacha tangu nipate akili. Alimuuliza tu, "Huko kwenu saa hizi ni saa ngapi?" kisha akanipa mimi simu. Nami nikamsomea hali ya hewa.

Ningeweza kusoma vibaya ile siku. Hakuna ambaye angejua. Ningeweza hata kuishia kwenye kilomita. Lakini nilisoma yote, mpaka ile robo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, maombi yangu ni haya.

Naomba muongeze kilomita 3,446 kati ya Beirut na Sao Paulo. Kwa namba hiyo tutaipita Sydney kwa kilomita moja. Hatuna tamaa, moja inatutosha. Nimeangalia kwenye tufe athari za jambo hili, nami sifichi kwamba Sao Paulo ikisukumwa kiasi hicho itaangukia Bahari ya Pasifiki, ng'ambo ya Chile, na kwamba watu wake ni mamilioni mengi. Nawaomba radhi. Kama ni rahisi zaidi, isogezeni Beirut. Sisi tumezoea.

Kwenye safu ya pili naomba muandike "siku nne". Kama hilo haliwezekani, basi ongezeni safu ya tatu, ioneshe muda tangu mtu alipokuja mara ya mwisho, ili msomaji asidhani kwamba saa za ndege ndizo peke yake zinazomtenganisha mtu na mama yake.

Kama yote hayo hayawezekani, basi naomba mfute mstari wa Beirut na Sao Paulo. Wekeni kistari. Nitarudi kwa Bi Labibe niseme kwamba wataalamu wamekiri hawajui. Nimeshafanya mazoezi ya kulisema hilo mbele ya kioo, na kwa mara ya nne sikukwama.

Nawashukuru kwa kuisoma barua ndefu. Baba anawasalimu, anasema mkipita njia hii na mna gurudumu lenye tatizo msiende kwa mwingine. Bi Labibe anawasalimu. Mama Ghattas anawasalimu sana, naye anawaambia kazi yenu ni safi na msibadilishe kitu. Naomba mpokee salamu hizo bila ushauri wake. Wasalimieni wote hapo ofisini, hasa yule anayeshughulika na dakika.

Mimi niziheshimuye namba hata zinapotuumiza,

Rafka Shalhub

Nyongeza, Jumatano, 19 Februari.

Ndugu Mhariri, tafadhali msibadilishe kitu.

Sikuituma barua hii Jumanne ile kwa sababu jina la Bibi limo ndani yake, na si adabu kumpeleka mtu ng'ambo bila kumuuliza. Jumapili mchana nikamsomea yote. Alisikiliza huku akichambua dengu. Palipotajwa kisima chake alicheka. Tulipofika kwenye lalamiko la tano aliacha kuchambua, akaniambia, "Nipigie Tanios. Sasa hivi, kabla hajapiga yeye."

Nikaweka simu kwenye meza kwa sauti ya juu. Bibi hakumsalimu. Alisema, "Tanios, kutoka kwako mpaka hapa ni saa ngapi kwa ndege?"

"Kumi na tatu na robo, Mama," Ami akajibu hapo hapo, bila hata kuvuta pumzi. "Kama ingekuwepo ya moja kwa moja."

Bibi akanitazama. Mimi nikaitazama simu.

"Umejuaje mpaka robo?"

Tukasikia mtu wa huko akiita mikate.

"Kuna jedwali," Ami akasema. "Naliangalia kila Jumapili nikishaongea na wewe. Nadhani labda watakuwa wamepunguza."

"Na kwa nini hupandi?"

"Mama…"

"Sema, mwanangu. Nimezeeka, nitasahau."

"Naogopa, Mama. Ile mara ya mwisho ndege ilitikisika juu ya bahari saa nzima. Nilipiga kelele mbele za watu. Mwanamume mzima, na masharubu. Tangu hapo nikiona hata picha yake miguu inakufa ganzi. Nilishindwa kukwambia. Nikasema mwakani nitakuwa nimepona."

Nilidhani Bibi atalia. Akamwambia akale kitu, akakata simu. Kisha akanigeukia, akaanza kuniuliza maswali kama mwalimu.

"Hizo saa kumi na tatu, mtu anasimama au anakaa?"

"Anakaa, Bibi."

"Na chakula?"

"Wanamletea pale pale alipo."

Akafikiri. "Nilipomzaa Tanios uchungu ulinishika saa kumi na tisa, na nusu yake nilikuwa nimesimama, nimeshika kitasa cha mlango. Sikuletewa hata chai." Akasukuma sinia la dengu pembeni. "Mbona ni karibu, Rafka! Miaka yote hii mbona hamkuniambia ni karibu?"

Nikamwambia atalazimika kubadilisha ndege, na zikijumlishwa zitafika kama saa ishirini. Akasema ishirini ni kumi na tisa na dakika ya kujifunga kitambaa. Nikamuuliza haogopi? Akasema, "Huyu mpaka ana miaka tisa nilikuwa namshika mkono kumpitisha kwa mbwa wa kinu cha ngano. Mnategemea aje peke yake? Nakwenda kumchukua. Nitamkalisha dirishani, nitamfunga mkanda, na akitaka kupiga kelele atapiga na mimi."

Tangu Jumapili nyumba yetu haina mahali pa kukanyaga. Tuna mifuko kumi na saba ya kishk. Baba anahangaika na karatasi za safari za Bibi, anayeondoka Ijumaa, na Ami ameshatuma tikiti, moja ya kwenda na mbili za kurudi. Mama Ghattas alikuja jana na soksi za sufi alizozifuma kwa ule uzi mwekundu na wa kijani, maana alisema nyuzi zilishakatwa na haifai kutupa. Akamwambia Bibi, "Rudi kwenye kiti chako, Mama Tanios, walau hizi siku zilizobaki. Mimi nimechoka kuamka alfajiri." Bibi akamjibu, "Kaa, shoga, kaa. Mimi nakwenda kukaa siku nzima. Niache nisimame kidogo."

Leo asubuhi nilimsindikiza kuwaaga wenzake. Alisimama karibu na jiko, akanywa kahawa yake amesimama, akawaahidi kwamba wakati wa matunda ya mforsadi watamwona Tanios kwa macho yao. Alipokuwa anakumbatiwa, Mama Ghattas aliinuka kutoka kwenye kiti, akanishika bega, akanisukuma nikakaa. Nikasema mimi si mama wa mtu na kwamba sheria hairuhusu.

"Sheria inasema mwenye baridi," akaniambia. "Kuanzia Ijumaa ni wewe. Kunywa kahawa."

Kwa hiyo naondoa malalamiko yote, la kwanza hadi la tano, na naomba radhi kwa watu wa Sao Paulo kwa yale niliyopanga kuwafanyia. Isipokuwa nina ombi moja dogo, kama halitawasumbua. Nimekaa kwenye kile kiti na ni kweli kina joto sana, hata hivyo kilomita 10,740 ni nyingi. Kama kuna mahali katika hesabu zenu mlikadiria kwenda juu, naomba mkadirie kwenda chini.